Kano za Farasi, Kuchechemea na Altrasaundi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya masaisi, wapandaji, wenye farasi, na madaktari wa mifugo ambao kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi lakini mara moja moja huitwa kumtazama farasi. Maswali haya huulizwa kwenye mabanda ya uwanja wa mbio wa Ngong, kwenye viwanja vya polo vya Nairobi na Gilgil, na huulizwa pia na vijana wetu waliokwenda kufanya kazi ya usaisi nchi za Ghuba.

Farasi wangu ameamka anachechemea. Nimwite daktari aje na altrasaundi?

Mwite daktari, lakini mashine ibaki garini kwanza. Kuchechemea kwingi kwa mguu wa mbele hutoka kwenye ukwato, na altrasaundi haioni vizuri ndani ya ukwato. Jipu lililojificha ndani ya unyayo linaweza kumfanya farasi aliyelala mzima aamke hawezi kukanyaga kabisa, hadi mwenyewe aape kwamba mfupa umevunjika. Kwa hiyo daktari huanza kwa kuinua mguu, kuusafisha ukwato, kuugusa kama una joto, kupapasa mshipa wa damu karibu na kifundo asikie kama unadunda kwa nguvu, kisha kuubana ukwato kwa koleo maalumu kuzunguka unyayo na kila msumari wa kiatu.

Ukwato ukiwa salama, ndipo anamtazama farasi akitembea na akienda mchakamchaka, halafu anapapasa mguu mzima. Picha huja baada ya hapo, ikiwa na swali la kujibu. Daktari anayeweka kichwa cha mashine mguuni kabla ya kumwona farasi akitembea hajui anatafuta nini.

Nitajuaje ni mguu upi?

Mtembeze farasi kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, kisha mwendeshe mchakamchaka. Kamba iwe imelegea. Saisi akimshika farasi karibu na kidevu, kichwa hakiwezi kucheza na huoni kitu. Kama tatizo ni mguu wa mbele, kichwa hupanda mguu mbovu unapogusa chini na hushuka mguu mzima unapokanyaga. Kwa mguu wa nyuma, simama nyuma ya farasi utazame kiuno: upande mbovu hupanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake.

Madaktari wengi hutumia kipimo cha Kimarekani cha 0 hadi 5. Sifuri ni farasi asiyechechemea hata kidogo. Tatu ni anayechechemea kila mara akienda mchakamchaka, nne ni yule anayeonekana hata akitembea polepole, na tano ni asiyeweza kuutegemea mguu. Waliosomea Uingereza mara nyingi huhesabu hadi 10, kwa hiyo ukisoma kwenye ripoti kwamba farasi ana "4", uliza ni nne kati ya ngapi.

Kwa hiyo asiyechechemea hana tatizo la kano?

Hapana, na kama kuna jibu moja kwenye ukurasa huu ningependa kila saisi alishike, ni hili. Kwa jeraha la kano, kiasi cha kuchechemea hakilingani na ukubwa wa jeraha. Farasi anaweza kuwa na nyuzi nyingi zilizokatika katikati ya kano, akachechemea siku chache, akapumzishwa, akatembea vizuri kabisa. Mwenye farasi anafurahi, mazoezi yanaanza, na ndani ya kano bado kuna uwazi uliojaa damu na majimaji. Mbio moja ya kasi inatosha kuikata kabisa.

Ndiyo maana mkono wa saisi kila asubuhi una thamani kubwa. Joto kidogo, uvimbe wa unene wa kalamu nyuma ya muundi, au farasi kuvuta mguu ukibonyeza sehemu fulani: hizo ni dalili za kutosha kumpigia daktari simu hata kama mnyama anatembea sawasawa.

Kano zenyewe ziko wapi? Nifundishe kuzipapasa.

Chini ya goti la mbele farasi hana misuli ya maana. Ni mfupa, ngozi, mishipa, na kano zinazotoka kwenye misuli iliyo juu. Simama ubavuni mwake, inua mguu, kunja goti, na uuache mguu uning'inie kwenye kiganja chako. Sasa kano zimelegea na unaweza kuzitenganisha kwa kidole gumba na cha shahada.

Ukianzia nyuma, ya kwanza chini ya ngozi ni kano ya nje. Inashuka nyuma ya muundi, inapita kifundo, inagawanyika na kujishikiza kwenye mifupa iliyo kati ya kifundo na ukwato. Mbele yake, imebanana nayo, ni kano ya ndani. Hii ni ya mviringo zaidi, na inaendelea hadi kwenye mfupa ulio ndani ya ukwato. Katika nusu ya juu ya muundi kuna ligamenti (utepe mgumu kama kano, lakini unaoshikilia mfupa) fupi na nene inayoungana na kano ya ndani na kuishikilia. Mwisho kabisa, imegandamana na mfupa, ni ligamenti inayobeba kifundo. Inaanzia chini tu ya goti na karibu na kifundo inagawanyika matawi mawili, moja kila upande.

Papasa polepole kutoka juu kwenda chini, kila kano peke yake. Kingo za kano nzima ni kali, zinasikika wazi chini ya kidole. Iliyoumia huwa na kingo za duara na laini, na farasi hukwambia mwenyewe mahali panapouma. Baadaye mguu ukiwa chini umebeba uzito, papasa tena. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili, kila siku, hata farasi akiwa mzima. Asiyejua mguu mzima unavyosikika hawezi kuutambua mbovu.

Kwa nini kano ya nje ya mguu wa mbele ndiyo huumia zaidi kwa farasi wa mbio?

Kwa sababu inafanya kazi karibu sana na mwisho wa uwezo wake. Farasi anapopiga shoti kuna nukta ambapo mguu mmoja wa mbele hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa mwili wake wote. Kifundo huzama kuelekea ardhini, na kano ya nje hunyooka hadi asilimia 16 hivi ya urefu wake. Kuanzia hapo hadi kukatika hakuna nafasi kubwa.

Halafu kuna joto. Kunyooka na kujikunja kwa kila hatua huzalisha joto katikati ya kano, ambako damu haifiki kwa wingi wa kulipoza. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1994 viliona sentigredi 45 ndani ya kano ya farasi akiwa shoti. Miaka ya mazoezi na umri huongeza uchakavu mdogo mdogo usioonekana kwa nje. Fikiria kamba ya mkonge inayovuta maji kisimani kila siku: nyuzi za ndani zinakatika moja moja huku nje ikionekana nzima. Kwa kano pia, jeraha mara nyingi huanzia katikati.

Kwa farasi wa polo, matawi ya ligamenti inayobeba kifundo nayo huumia sana kwa sababu ya kugeuka ghafla. Kwa farasi wa mbio ndefu, na wale wanaofundishwa miondoko ya uwanjani, ni sehemu ya juu ya ligamenti hiyo hiyo, mbele au nyuma.

Altrasaundi huonyesha nini hasa?

Kichwa cha mashine hutuma mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia, na mwangwi wake hurudi ukawa picha. Nyuzi za kano zilizopangika vizuri hurudisha mwangwi mkali, kwa hiyo kano nzima huonekana nyeupe. Palipokatika nyuzi na kujaa damu au majimaji huwa peusi au kijivu.

Daktari hupiga picha za aina mbili. Picha ya kukata mguu kwa upana huonyesha kano kama duara au nusu mwezi, na hapo anapima eneo lake. Kwa farasi wa mbio, kano ya nje katikati ya muundi huwa na eneo la takriban sentimita mraba 1. Ikiwa mguu mmoja una kano iliyonenepa kuliko mwenzake kwa zaidi ya asilimia 20 hivi, tunaitilia shaka hata kama hakuna doa jeusi. Picha ya pili hufuata mguu kwa urefu, na hapo tunatazama mistari ya nyuzi: je, imenyooka sambamba, imekatika, au imevurugika? Kipimo kamili hutaja vyote: unene wa kano, sehemu ya kano iliyoharibika kwa asilimia, urefu wa jeraha, na mpangilio wa nyuzi.

Mguu wa pili upimwe pia, siku zote. Mara nyingi farasi anayeletwa kwa mguu mmoja huwa na jeraha dogo kwenye mwenzake, na jeraha hilo halijaanza kuuma.

Mguu unaandaliwaje?

Hapa saisi ana mchango kuliko mashine ya bei kubwa. Manyoya yanyolewe kwa mashine ya kunyolea, nyuma ya mguu kuanzia goti hadi chini ya kifundo. Kulowesha tu kunasaidia kwa farasi mwenye ngozi nyembamba na manyoya mafupi, lakini hewa iliyonaswa kwenye manyoya hutia ukungu kwenye picha. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka vumbi jekundu liishe, maana vumbi la kwetu hukaa ndani ya vinyweleo. Pitisha spiriti, kisha paka jeli kwa wingi na uiache dakika kadhaa ilainishe ngozi.

Farasi asimame sawa, uzito kwenye miguu yote minne. Akihamisha uzito, kano hulegea, mistari ya nyuzi hupinda, na daktari anaweza kuona jeraha lisilokuwepo. Mpeleke kivulini, maana jua kali likipiga skrini huoni kitu. Asiyetulia apewe dawa ya kumtuliza, na hiyo huchomwa na daktari, si mtu mwingine.

Kila picha iandikwe umbali wake kwa sentimita kutoka kwenye mfupa mdogo unaojitokeza nyuma ya goti. Bila alama hiyo, picha ya mwezi wa tatu haiwezi kulinganishwa na ya leo, na kulinganisha ndiko kunakoonyesha kama kano inapona.

Nina mashine ya kupimia mimba za ng'ombe. Inafaa?

Mara nyingi inafaa. Altrasaundi yenyewe iliingia kwenye banda la farasi kupitia mimba za majike mwaka 1980 huko Ufaransa, na mwaka 1982 Norman Rantanen wa Marekani akachapisha taarifa ya kwanza kuhusu miguu. Kichwa kilichonyooka, kile kinachoingizwa kwenye puru la ng'ombe, kikifika megahezi 7.5 kinatosha kwa kazi ya awali. Weka kina cha sentimita 4 hadi 6. Kwa kuwa kano ya nje iko chini tu ya ngozi, weka kitu laini cha jeli kati ya kichwa na mguu, kano isiwe karibu mno na kichwa ambako picha haiko wazi. Kichwa cha duara cha tumbo hakifai kwa kano hizi. Mashine za kisasa za megahezi 12 na zaidi huona mambo madogo ambayo hiyo ya ng'ombe haitayaona, basi ukiona mguu umevimba na picha yako haina kitu, mtume farasi kwa mwenye mashine bora.

Kila doa jeusi ni jeraha?

La. Kosa kubwa la anayeanza ni pembe. Mawimbi yasipoipiga kano wima, mwangwi haurudi na kano nzima kabisa hugeuka nyeusi. Inamisha kichwa kidogo mbele na nyuma: doa likitoweka, halikuwa jeraha. Lithibitishe kwa picha ya upana na ya urefu, zote mbili.

Ligamenti inayobeba kifundo inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu ndani yake kuna misuli na mafuta ya kuzaliwa nayo, hasa sehemu ya juu. Weusi huo ni wa kawaida. Hapo kulinganisha na mguu wa pili si hiari.

Apimwe siku hiyo hiyo?

Kama kifundo kimezama kuelekea chini, kama kuna kidonda karibu na kano, au kama hawezi kukanyaga, ndiyo, leo. Kidonda kidogo kilichotoboa ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka, kinaweza kuleta usaha ndani yake, na hapo kila saa ina maana.

Kwa uvimbe wa kawaida baada ya mazoezi, picha ya siku ya kwanza inaweza kulionyesha jeraha dogo kuliko lilivyo. Nyuzi huendelea kuharibika siku za mwanzo, kwa hiyo kipimo kirudiwe baada ya siku 7 hadi 10. Hicho ndicho cha kutegemea. Wakati mwingine habari ni njema: uvimbe upo kati ya ngozi na kano tu, labda kwa bendeji iliyofungwa vibaya, na kano yenyewe ni nyeupe tupu.

Nifanye nini kabla daktari hajafika?

Simamisha kazi. Mpoze kwa maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 20 kila mara, mara kadhaa kwa siku. Funga bendeji yenye pamba nene, isiyobana, na ufunge mguu wa pili pia kwa sababu sasa ndio unaobeba. Usimpe dawa ya maumivu bila kumwuliza daktari. Farasi aliyepewa fenilbutazoni jana anaweza kutembea vizuri mbele ya daktari leo, na nyote mkadanganyika.

Mzee mmoja anasema achomwe chuma cha moto. Ni kweli husaidia?

Usikubali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walilichunguza jambo hili kwa makini na kuchapisha matokeo mwaka 1983: kuchoma hakukuharakisha kupona kwa kano. Farasi waliochomwa na kurudi kazini walipona kwa sababu walipumzishwa miezi mingi. Mpe mapumziko hayo bila kumtesa. Dawa kali za kupaka zinazotoa malengelenge ziweke kwenye fungu hilo hilo.

Sindano za ganzi ni za nini?

Ni za kujua maumivu yanatoka wapi. Daktari hutia ganzi mishipa ya fahamu kuanzia chini, karibu na visigino vya ukwato, akipanda hatua kwa hatua, na kila mara humwendesha farasi mchakamchaka. Kuchechemea kukiisha baada ya sindano fulani, amepata eneo. Ni kazi ya subira na haina njia ya mkato.

Mambo mawili. Farasi anayeshukiwa kuwa na ufa wa mfupa au kano iliyokatika vibaya asitiwe ganzi akimbizwe. Maumivu ndiyo yanayomlinda. Na sindano huacha majimaji na hewa chini ya ngozi, kwa hiyo altrasaundi ya eneo hilo ifanywe kabla, au isubiri siku inayofuata.

Picha ni safi lakini bado anachechemea. Sasa?

Rudini kwenye ukwato. Kano ya ndani inaweza kuumia ndani ya ukwato ambako mawimbi hayapiti, na huko ni MRI, mashine ya picha za sumaku, inayoona vizuri. Altrasaundi huonyesha uso wa mfupa tu, kwa hiyo eksirei inahitajika kwa ufa na viungo. Mipasuko ya urefu ndani ya ala ya kano nyuma ya kifundo pia hujificha. Wakati mwingine huonekana tu daktari wa upasuaji akiingiza kamera.

Atapona lini?

Kwa jeraha la maana la kano ya nje, hesabu miezi 9 hadi 12, na mengine huzidi. Najua jibu hili linavunja moyo, hasa kwa mwenye farasi anayelipia chakula na banda kila mwezi. Lakini kano haijijengi upya kama ilivyokuwa. Inajaza pengo kwa kovu lenye kolajeni dhaifu, ambalo polepole, kwa miezi mingi, hukomaa na kupangika kufuata mvutano.

Mvutano huo ndio dawa kuu. Baada ya mapumziko ya mwanzo, farasi huanza kutembezwa kwa mkono dakika chache kwa siku, zinaongezwa wiki kwa wiki, kisha mchakamchaka mfupi, na shoti mwisho kabisa. Kumfungia tu bandani miezi sita bila kutembea hutoa kovu lisilo na mpangilio, na kumwachia malishoni aruke atakavyo hulipasua. Sindano za plasma yenye chembe sahani (sehemu ya damu) na za seli shina hutumika sehemu mbalimbali, lakini hakuna inayoondoa haja ya ratiba hii.

Kipimo kirudiwe kila miezi 2 hadi 3, na kila mara kabla ya kupandisha kazi ngazi moja. Doa likijaa weupe, hilo ni jambo zuri, lakini halitoshi. Nyuzi kwenye picha ya urefu ziwe zimeanza kunyooka, na kano isiwe imenenepa tangu kazi iongezwe. Ikinenepa kwa zaidi ya asilimia 10 tangu kipimo kilichopita, rudi ngazi ya chini. Mashine yenye Dopla huonyesha pia damu inayopita ndani ya kovu. Mguu huinuliwa wakati wa kupima, kwa sababu kano iliyobeba uzito hubana vishipa visionekane.

Shinikizo la kumrudisha mapema hutoka kila upande: mbio ziko karibu, mwenye farasi anasubiri, na mnyama mwenyewe anarukaruka bandani. Picha ndiyo inayompa saisi ushahidi wa kusema bado.

Nafanya kazi Ghuba na farasi wa mbio ndefu. Kuna tofauti?

Kwenye mashindano hayo kila farasi hukaguliwa na madaktari kati ya hatua, akiendeshwa mchakamchaka mita 40 kwenda na kurudi, na kuchechemea ndiko kunakowatoa wengi. Anza kuutazama uchovu mapema: farasi aliyechoka hushindwa kuinua kifundo, na ligamenti inayokibeba huumia. Mpapase sehemu ya juu nyuma ya muundi baada ya kila mazoezi marefu, maana hapo uvimbe ni mdogo sana na jeraha linaweza kuwa kubwa.

Punda je?

Kano zake zimepangika vivyo hivyo na kipimo ni kile kile. Kule Lamu, ambako kituo cha kutibu punda kimekuwepo tangu 1987, punda ndiye anayebeba mchanga na mawe kwenye vichochoro. Ugumu wake ni kwamba huficha maumivu kuliko farasi. Akisita tu kugeuka, au akilala chini kuliko kawaida yake, mpapase.

Nidai nini kwenye ripoti?

Picha zenyewe, si maneno matupu. Ziwe na jina la farasi, tarehe, mguu gani, umbali kwa sentimita kutoka kwenye kile kifupa cha nyuma ya goti, na vipimo vya miguu yote miwili. Zihifadhi kwenye simu na mahali pengine pa pili. Farasi akiuzwa, au daktari akibadilika, picha hizo zimfuate farasi.